Akitoroka Mikononi Mwako: Jinsi ya Kumkamata Tena Bila Wewe Kuishia Kizimbani

Maswali huja yale yale. Askari jela aliyempeleka mfungwa hospitalini anauliza kama anaruhusiwa kumkimbiza hadi kaunti jirani. Bawabu wa duka Kondele anataka kujua kama mtu aliyemponyoka mlangoni ni mtoro kisheria. Liguru (mzee wa kijiji) wa kule Butere anauliza kama anaweza kuvunja mlango wa nyumba ambamo mahabusu ameonekana akiingia. Mwongozo huu ni wenu: askari wa magereza na polisi wapya kazini, mabawabu, wazee wa mtaa, watu wa Nyumba Kumi, na raia yeyote atakayejikuta njiani mwa mtu anayekimbia na pingu mkono mmoja.

Wengi hudhani mamlaka haya yanatokana na cheo au sare. Sivyo. Sheria inauliza kwanza mtu huyu ametoroka mikononi mwa nani, kisha inauliza umeanza kumfuata lini. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, Sura ya 75, kinasema kwa ufupi hivi: mtu aliye katika ulinzi halali akitoroka, au akinyakuliwa na wengine, yule aliyetorokwa anaweza kumfuata mara moja na kumkamata mahali popote nchini Kenya. Shika maneno matatu hapo: *ulinzi halali*, *mara moja*, *popote Kenya*. Karibu kila kosa linalofanyika linatokana na kusahau moja kati ya hayo.

Uwe na nini kabla ya zamu kuanza

Mtu akishatoroka, hakuna muda wa kutafuta vitu. Viwe navyo tayari:

- Kitambulisho cha kazi, mahali pa kuchomolewa haraka. Utakihitaji mlangoni kwa watu.
- Nakala ya karatasi inayomshikilia mtu huyo: hati ya kifungo, amri ya korti ya kumweka rumande, au namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) kama bado yuko mikononi mwa polisi.
- Jina lake kamili, kosa analoshikiliwa nalo, na maelezo ya sura na nguo za siku hiyo. Andika nguo asubuhi. Mchana utaapa alivaa shati la bluu, na kamera itaonyesha kijani.
- Pingu zilizojaribiwa, na funguo kwa askari ambaye hakufungwa pamoja na mfungwa.
- Simu yenye chaji na salio, ikiwa na namba ya meza ya zamu ya kituo cha karibu. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Namba ya bure ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai) ni 0800 722 203.
- Daftari na kalamu, na saa inayosema kweli.

Raia hahitaji vyote hivyo. Simu na mashahidi wawili watamtosha.

Hatua ya 1: Hakikisha alikuwa katika ulinzi halali

Si kila anayekimbia ni mtoro. Kifungu cha 21 cha sheria hiyo hiyo kinasema mtu amekamatwa pale anapoguswa au kuzuiwa mwili wake, au anapojisalimisha kwa neno au kitendo. Kwa hiyo kijana aliyeona gari la polisi Kaptembwa akachomoka kabla hajaguswa hajatoroka ulinzi, amekwepa kukamatwa. Bado polisi anaweza kumkamata kwa kosa analoshukiwa nalo, lakini shtaka la kutoroka halitasimama. Yule aliyekubali akasema "sawa afande, twende," akatembea hatua kumi kisha akachomoka, huyo ametoroka hata kama hakuwa amefungwa pingu.

Wengine ambao watu huwaita watoro bila kuwa watoro:

- Aliyeachiliwa kwa dhamana akakosa kufika kortini. Huyu korti humtolea waranti. Kifungu cha 40 hakimhusu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemshika.
- Anayetumikia kifungo cha nje kwa kazi za jamii akaacha kufika kazini. Ripoti iende kwa afisa wa urekebishaji tabia, naye airudishe kwa korti iliyotoa amri.
- Mgonjwa aliyeondoka wodini bila kulipa bili. Hospitali haina mamlaka ya kumfungia mtu kwa deni, na Mahakama Kuu imeshalisema hilo. Bawabu anayemkimbiza mama aliyejifungua hadi steji ya matatu anajitafutia kesi.
- Mpangaji aliyefungiwa na mwenye nyumba akaruka dirisha. Hapo mwenye makosa ni yule aliyefunga mlango.

Mfungwa wa madeni aliyewekwa jela na korti ya madai, kwa upande mwingine, yuko katika ulinzi halali ingawa hana hatia ya jinai. Akitoroka, ametoroka.

*Onyo.* Kama mtu alishikiliwa kupita muda wa Katiba bila kupelekwa kortini, wakili wake atauliza kama ulinzi ulikuwa bado halali saa alipotoroka. Ibara ya 49 inatoa saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa korti au siku isiyo ya korti, mwisho unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana saa ya kuingizwa seli iandikwe kwenye OB ipasavyo, isikadiriwe baadaye.

Hatua ya 2: Jua wewe ni nani katika kisa hiki

*Wewe ndiye uliyetorokwa.* Kifungu cha 40 ni chako, uwe polisi, askari jela, au raia uliyekuwa umemkamata mtu kihalali ukingoja polisi wafike. Huhitaji waranti.

*Wewe ni polisi lakini hakutoroka mikononi mwako.* Tumia kifungu cha 29. Kinakuruhusu kumkamata bila waranti mtu yeyote aliyetoroka au anayejaribu kutoroka ulinzi halali. Hapa hakuna sharti la "mara moja". Awe ametoroka leo asubuhi au miezi sita iliyopita, mamlaka yako ni yale yale. Polisi wa utawala ni polisi vilevile.

*Wewe ni raia, bawabu, liguru au mwanachama wa Nyumba Kumi.* Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, kwa hiyo tukae kidogo. Kifungu cha 34 kinamruhusu raia kumkamata mtu katika hali mbili: anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi angeweza kumkamatia bila waranti, au anayeshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Sasa, kutoroka ulinzi halali, chini ya kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ni kosa dogo, na adhabu yake haizidi miaka 2 jela, au faini, au vyote viwili. Ukimwona akitoroka mbele yako, hali ya kwanza inakulinda. Lakini ukisikia tu kwenye redio kwamba fulani alitoroka wiki iliyopita, kule kutoroka kwenyewe hakukupi mamlaka ya kumkamata. Kinachoweza kukupa mamlaka ni kosa la awali, kama lilikuwa kubwa: wizi wa mabavu, mauaji, unajisi. Kama alikuwa ndani kwa ulevi na fujo, piga simu tu.

*Polisi amekuomba msaada.* Kifungu cha 42 kinamlazimu kila mtu kumsaidia hakimu au polisi anayeomba msaada kwa njia ya busara, ikiwa ni kumkamata mtu au kumzuia asitoroke. Mwendesha bodaboda anaweza kuombwa kuziba njia. "Kwa njia ya busara" maana yake huombwi kupambana na mtu mwenye bunduki ukiwa na kofia ya pikipiki mkononi.

Hatua ya 3: Tazama saa, kisha uanze kukimbia

Sheria haikutaja dakika wala masaa. Kwa vitendo, mkimbizo ni mmoja ilimradi haujakatika. Ukimpoteza machoni kwenye shamba la miwa la Kibos, ukafuata nyayo, ukauliza watu, ukamkuta baada ya saa mbili, bado umemfuata mara moja. Ukirudi kambini, ukala, ukalala, ukaamka kesho kumsaka kwao Siaya, mnyororo umekatika. Kuanzia hapo waachie polisi watumie kifungu cha 29, wewe uende kama wa kumtambua.

Kwa hiyo andika nyakati tatu: saa alipotoroka, saa ulipoanza kumfuata, saa ulipomshika. Kama uliandika mkononi kwa kalamu kwa kukosa daftari, piga picha.

Hatua ya 4: Piga simu huku unafuata

Kosa la wageni kazini ni kuficha. Anatumaini atamshika kabla bosi hajajua, na saa nzima inapotea. Piga simu ndani ya dakika ya kwanza. Sema kwa mpangilio huu: wewe ni nani na uko wapi, ametoroka nani, na anashikiliwa kwa kosa gani, amevaa nini, na kama ana pingu, ameelekea wapi, kwa miguu au pikipiki, kama ana silaha. Sentensi tano. Kujieleza kwa nini alitoroka kutakuja baadaye, na amini usiamini, kutakuja.

Ukiwa hospitalini, kwa mfano Jaramogi pale Kisumu (wenyeji bado huiita Russia) au PGH ya Nakuru (hospitali kuu ya mkoa ya zamani), waambie walinzi wa malango yote mara moja. Mfungwa aliyeomba kwenda choo atapitia dirisha, na kutoka hapo ana njia ya wagonjwa, njia ya wafanyakazi na njia ya magari ya maiti. Lango moja likiachwa, atapita hilo.

Hatua ya 5: Mfuate, lakini ujue Kenya inaishia wapi

Mipaka ya kaunti haina maana hapa. Mahabusu aliyetoroka Nakuru unaweza kumfuata Molo, Kericho, Kisumu hadi Siaya bila kuomba ruhusa ya mtu. Ni adabu, na ni busara, kujulisha kituo cha eneo uliloingia. Polisi wa Maseno wakiona mtu asiye na sare akiburuta mwingine barabarani, watakukamata wewe kwanza.

Mpaka wa taifa ni jambo jingine. "Popote Kenya" inaishia Busia na Malaba. Mtoro akivuka kwa kijia cha panya akasimama mita tano ndani ya Uganda akikucheka, huna mamlaka hata ya kumshika ukosi. Ukivuka ukamvuta, umefanya utekaji katika nchi ya watu. Njia ni Sheria ya kurejesha wahalifu, Sura ya 76, ambayo ina sehemu yake ya nchi jirani: waranti ya Kenya inapitia mahakama za Uganda. Katika Ziwa Victoria ni vivyo hivyo. Kisiwa cha Mfangano ni Kenya. Mtumbwi ukishapita mstari wa mpaka majini, rudi Usenge upige simu.

Hatua ya 6: Akiingia ndani ya nyumba

Kifungu cha 41 kinampa aliyetorokwa nguvu za vifungu vya 22 na 23, hata kama hana waranti na si polisi. Watu wachache wanalijua hili, na wengi wanaolijua hulitumia vibaya. Fuata mpangilio:

1. Uwe na sababu ya kuamini yumo ndani. Umemwona akiingia, au jirani amemwona. "Hii ni nyumba ya shangazi yake" peke yake haitoshi.
2. Bisha hodi. Jitambulishe kwa jina na kazi, onyesha kitambulisho, sema jina la unayemtafuta na kwa nini.
3. Omba kuingia. Aliye mwenyeji hapo anatakiwa kisheria kukuruhusu na kukurahisishia upekuzi.
4. Akikataa, mwambie waziwazi kwamba utavunja. Mpe nafasi ya kufungua.
5. Vunja mlango au dirisha linalohitajika, basi. Usivunje kabati la vyombo.
6. Kama kuna chumba cha mwanamke ambaye kwa desturi hatoki hadharani, naye si unayemtafuta, mjulishe kwanza kwamba yuko huru kutoka, mpe nafasi atoke, ndipo uingie.
7. Ukijikuta umefungiwa ndani, unaruhusiwa kuvunja ili utoke.

*Onyo.* Nguvu hizi ni za aliyetorokwa, na za polisi. Liguru na jirani hawana. Kazi ya raia ni kuzingira nyumba, kutazama dirisha la nyuma na kungoja. Na kamwe msiwashe moto shamba la miwa ili kumtoa aliyejificha humo. Kuchoma mazao ni kosa kubwa kuliko lile la kutoroka, na upepo wa Muhoroni hauchagui shamba la nani.

Hatua ya 7: Mkamate kwa maneno na kwa mkono

Mguse au mzuie, kisha sema kwa lugha anayoielewa: "Unakamatwa kwa kutoroka ulinzi halali. Una haki ya kunyamaza. Ukisema, maneno yako yanaweza kutumika kortini. Una haki ya kuwasiliana na wakili." Kama ni Kiluo, Kiluhya, Kikalenjin au Kiswahili, tumia hiyo. Ibara ya 49 haikuweka msamaha kwa mtu uliyemkamata jana kwa kosa lingine: kutoroka ni kosa jipya, na haki zinaanza upya.

Sema kwa sauti, majirani wasikie: "Huyu yuko chini ya ulinzi." Si kelele za bure. Kifungu cha 122 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayemnyakua mtu kwa nguvu kutoka ulinzi halali: kifungo cha maisha ikiwa aliyenyakuliwa anakabiliwa na kosa la kifo au maisha, hadi miaka 7 ikiwa yuko ndani kwa kosa jingine. Lakini kama aliyeshika ni raia, ni lazima mnyakuzi awe na habari kwamba mtu huyo ameshikwa. Ukinyamaza, atasema alidhani mnapigana.

Hatua ya 8: Nguvu kiasi gani

Kifungu cha 21 kinaruhusu njia zote zinazohitajika mtu anapopinga au kukwepa, kisha papo hapo kinazuia nguvu inayozidi ile ya busara kwa hali ilivyo. Kwa raia, maana yake ni kumzuia na kumkalisha chini. Akishakaa, kila kofi linaloongezwa ni shambulio, na aliyelipiga atajibu.

Kwa polisi, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaanza na njia zisizo na nguvu. Bunduki ni pale tu njia nyingine zimeshindikana: kuokoa maisha au kujikinga na hatari iliyo karibu. Marekebisho ya 2014 yaliongeza kumzuia aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke. Soma tena: *kosa kubwa*. Mlevi aliyeruka ukuta wa seli hapigwi risasi. Jitambulishe na utoe onyo linalosikika, isipokuwa kufanya hivyo kunahatarisha maisha. Ukiumiza mtu, mpe matibabu mara moja na ndugu zake wajulishwe. Kifo au jeraha baya linaripotiwa kwa mkubwa wako, naye analifikisha kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi.

Askari jela wana masharti yao katika Sheria ya Magereza, Sura ya 90. Silaha waliyopewa rasmi wanaweza kuitumia dhidi ya mfungwa anayetoroka ikiwa wana sababu ya kuamini hakuna njia nyingine ya kumzuia, na baada ya kumwonya. Masharti yote mawili, si moja.

Hatua ya 9: Mlinde na umati

Hatua hii imewekwa peke yake kwa sababu huku kwetu ndiyo inayoua. Mtoro akitambuliwa sokoni, nduru hupigwa, na nduru haina breki. Oktoba 2021, mtuhumiwa wa mauaji ya watoto aliyetoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, alifika kwao Bungoma na akauawa na umati kabla polisi hawajamfikia. Kesi yake iliishia hapo, na familia za watoto wale hazikupata kusikia ushahidi ukitolewa kortini. Mwezi uliofuata, wafungwa watatu wa ugaidi waliotoroka gereza la Kamiti walitambuliwa na wanakijiji wa Kitui, wakakamatwa wakiwa hai na kurudishwa jela. Wanakijiji wa Kitui walipiga simu.

Cha kufanya: mkalishe chini mgongo ukiwa ukutani, watu wawili watatu unaowaamini wamzunguke wakiwatazama umati, si wakimtazama yeye. Usitaje kosa lake. Neno "mnajisi" au "mwizi" likitamkwa, hamtaweza kulirudisha. Taja tu kwamba polisi wako njiani. Kama kuna ofisi ya chifu, kanisa au duka lenye mlango wa chuma karibu, ingieni humo. Atakayetupa jiwe la kwanza apigwe picha. Mtu akifa, kila aliyeshiriki anaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama marehemu alikuwa amehukumiwa.

Hatua ya 10: Mpekue, mfunge, mpeleke

Kifungu cha 24 kinakataza kumbana mtu zaidi ya kinachohitajika kumzuia asitoroke tena. Pingu, ndiyo. Kamba shingoni, hapana. Kumfunga nyuma ya pikipiki, hapana. Mpekue silaha, na mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa heshima.

Raia ampeleke kwa polisi bila kuchelewa, au kituo cha karibu kama polisi hayuko. Msimpeleke kwanza kwa mzee "akahojiwe". Dai namba ya OB na uiandike.

Polisi au askari jela: mpitishe hospitali kama ana jeraha, hata dogo, kabla ya seli. Fomu ya daktari ndiyo itakayokutetea akidai alipigwa. Anayetumikia kifungo arudi gerezani, na shtaka la kutoroka lifunguliwe kando. Mahabusu afikishwe kortini, hakimu ajulishwe alitoroka, maana hilo litazingatiwa kwenye dhamana.

Kama mtoro ni mtoto

Mtoto aliyetoroka makao ya rumande ya watoto ya Nakuru au Kisumu, au shule ya urekebishaji ya Kakamega, hashughulikiwi kama jambazi. Nguvu iwe ndogo kabisa. Ibara ya 53 ya Katiba inataka atengwe na watu wazima, kwa hiyo usimlaze seli ya kawaida "mpaka kesho". Mpigie afisa wa watoto na meneja wa makao. Chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai kabisa kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Vijana wa Borstal (taasisi ya kurekebisha vijana wakosaji) ya Shikusa wana umri mkubwa kidogo lakini bado si wa kuchanganywa na wafungwa watu wazima.

Mambo yakikwama

*Familia inamficha.* Kifungu cha 396 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayempokea au kumsaidia mtu anayejua ana hatia ili aepuke adhabu. Kwa kosa kubwa ni hadi miaka 3. Mke hahesabiwi hivyo kwa kumpokea mumewe. Mama, kaka na rafiki hawana kinga hiyo. Mama akiuliza afanye nini, mshauri ampeleke mwenyewe kituoni na chifu au mchungaji pembeni. Kosa linapungua makali, na mtoto anafika akiwa hai.

*Aliyempelekea msumeno au simu gerezani.* Hapo ni kifungu cha 124: kumsaidia mfungwa kutoroka, au kuingiza kitu gerezani kwa nia hiyo, hadi miaka 7. Kinga ya mke haikutajwa humo.

*Umemkamata mtu asiye yeye.* Muachie mara tu unapojua, omba radhi mbele ya mashahidi, andika OB mwenyewe kabla hajaandika yeye. Ukitaka kuepuka hili, uliza jina kabla hujamtaja. Ukimwambia "wewe ni Otieno?" na aseme ndiyo kwa hofu, hujathibitisha kitu. Kisumu ina Otieno wengi.

*Polisi wa kituo wanakataa kumpokea kwa sababu alitoroka kwingine.* Waonyeshe hati au namba ya OB ya awali. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinawataka wamkamate tena mtu aliyeletwa na raia ikiwa anaangukia kifungu cha 29, na mtoro anaangukia hapo. Wakizidi kukataa, omba kumwona OCS (mkuu wa kituo), na mtajie kifungu.

*Alitoroka ukiwa zamu na bado hajapatikana.* Usibadilishe OB. Agosti 2024, watu 13 walipotoroka seli za kituo cha polisi cha Gigiri, Nairobi, baadhi ya maafisa waliokuwa zamu walipelekwa kortini, na jambo la kwanza kutazamwa katika visa vya namna hiyo ni nani aliandika nini, na saa ngapi. Andika maelezo yako siku hiyo hiyo, kwa mkono wako: funguo zilikuwa kwa nani, taa ziliwaka au hazikuwaka, mlikuwa wangapi mkipaswa kuwa wangapi. Baki na nakala.

*Pingu zake hazifunguki kwa sababu askari mwenye funguo yuko Nakuru.* Usizigonge kwa nyundo. Zina namba, na zitahesabiwa kama kielelezo. Kituo kikubwa huenda kina funguo zinazoingiliana nazo. Jaribu hapo kwanza kabla ya kutafuta fundi wa kulehemu.